Kucha za mtoto zikibanduka, rudi nyuma siku arobaini

Jumamosi ile Ramadhani ilikuwa ukingoni. Nilikuwa nakogesha watoto uani kwangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, mmoja mmoja kwenye beseni. Nilipomsugua vidole binti wa muuza mukene, dagaa wa huku, nikahisi kitu chembamba kimenibaki kiganjani. Nikadhani gamba la samaki, kwa kuwa mama yake hushinda mwalo wa Masese na magamba humfuata mpaka kwenye khanga. Nilipokisogeza kwenye mwanga nikaona ni ukucha. Ukucha mzima wa kidole cha shahada, mweupe, mwepesi kama ganda la kitunguu. Mtoto mwenyewe, wa miaka miwili na nusu, hakulia wala hakuuangalia mkono wake. Alikuwa anagombania sabuni na mwenzake.

Nikamwinua mkono. Gumba na kidole cha kati navyo vilikuwa njiani: kucha zimeachia upande wa shina, kule zinakochomoza kwenye ngozi, na zilikuwa zimeshika kwa mbele tu.

Mimi si muuguzi. Nimezaliwa Tanga, nikaolewa Jinja mwaka 1994, na kwa miaka mingi nalea watoto wa wanawake wa sokoni na mwaloni, wanane kwa sasa, wanaoniita Jaja, yaani bibi. Ninayoyaandika nimejifunza kwa watoto hao, kwa kidole changu mwenyewe, na kwa musawo, mhudumu wa afya, mmoja mwenye subira aliyenieleza mara tatu. Ningekuwa nayajua siku ile, nisingetupa pesa.

Maana pesa nilitupa. Kabla ya futari nilikuwa nimeshapewa majibu manne. Jirani wa kushoto alisema ni hina ya dukani. Wa kulia, Msoga mzaliwa wa hapa, alisema funza, na hapa Busoga huwezi kumlaumu mtu kwa kuwaza funza kwanza. Mwaka 2010 walivitesa vijiji vya huku vibaya sana. Kijana wa boda akasema mtoto hana kalsiamu. Wa nne alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kuna mtu ana nia mbaya na mkono wa mtoto huyu. Jibu la tano nililinunua: kliniki moja ilinitoza shilingi 35,000 za vidonge vya kuvu na antibiotiki, bila kuuliza lolote zaidi ya umri wa mtoto. Dawa hizo hakuzimeza. Nisijisifu lakini, aliyekataa ni mama yake.

Jumatatu tukaenda kituo cha afya. Musawo akaviangalia vidole, akaniuliza swali moja: "Jaja, huyu mtoto mwezi uliopita, au nyuma ya hapo, aliumwa nini?"

Ninalo daftari la mahudhurio. Naliweka kwa ajili ya hesabu za malipo, wala sikuwahi kulifikiria kuwa kitu cha afya. Nikalifungua. Tarehe 17 Februari nilikuwa nimeandika: homa, uji kakataa, udenda, vipele viganjani. Halafu siku tisa hakuja. Tukahesabu kutoka siku ile mpaka Jumamosi ya beseni: siku arobaini kamili.

Nikamwambia siku za mwizi ni arobaini. Akacheka, akasema mwizi huyu ana nafasi kidogo, anaweza kukamatwa tangu wiki ya tatu hadi ya nane.

Anza na kalenda kabla ya dawa

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ukiona ukucha wa mtoto umeachia shinani au una mfereji uliokingama, ni kukaa chini na kurudi nyuma wiki tatu mpaka nane. Usijiulize tu kama aliumwa, kwa sababu utajibu "alikuwa na malaria kidogo". Kwetu kila homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Jiulize kwa vitu. Je, kuna wiki alikataa chakula akawa anadondosha udenda kuliko kawaida? Kuna siku alilia ulipompa chungwa au nanasi? Ulimwona na vipele viganjani, nyayoni, kuzunguka mdomo, matakoni au magotini? Ngozi ya viganja au vidole ilimchubuka baadaye kama ya mtu aliyefua siku nzima? Mtoto mwingine wa nyumba ile, au wa chekechea ile, aliumwa wiki hiyohiyo?

Majibu yakiwa ndiyo, mengi yao, basi yaelekea alipitiwa na ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Jina ni refu, ugonjwa wenyewe ni wa kawaida mno kwa watoto chini ya miaka mitano. Homa hutangulia, siku moja au mbili baadaye vidonda hutokea mdomoni, kisha vipele na malengelenge madogo kwenye mikono na miguu. Wengi hupona wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Hauna dawa yake maalumu: unampa paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake, maji ya kutosha, uji uliopoa, maziwa baridi kama unayo, basi. Aspirini usimpe mtoto.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya baba mmoja aliyenijia mbio baada ya kusikia jina hilo. Alikuwa amesikia redioni kuhusu kalantini ya ng'ombe kwa ugonjwa wa miguu na midomo, akauliza kama aache kununua maziwa. Hapana. Ule wa ng'ombe una kirusi chake, huu wa watoto una vyake, ingawa ni vya ukoo mmoja wa mbali. Mtoto hakuupata kwa ng'ombe wala hatamwambukiza ng'ombe. Aliupata kwa mtoto mwenzake, kwa mate, kwa maji ya malengelenge, kwa kinyesi kilichobaki kwenye mkono wa mtu aliyembadilisha nepi. Yaani, nasema bila kujificha, huenda ulikuwa mkono wangu.

Na Februari ile watu walikuwa na hofu nyingine, ya mpox, ambayo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba imeingia Uganda Agosti 2024. Mpox nayo hutoa vipele viganjani. Kwa hiyo vipele vikiwa bado vibichi, usimpime mtoto wako kwa picha za simu. Mpeleke akaonekane. Habari ya kalenda niliyoieleza juu ni ya baadaye, vipele vikishaondoka na kucha zikaanza mambo yake.

Kwa nini ukucha ungoje wiki zote hizo

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa Jinja, kwenye mashine za kufuma. Alizoea kusema umeme ukiyumba kitambaa hutoka na mstari, na aliyesimama mbele huuona mstari baadaye, kitambaa kikishasogea. Musawo aliponieleza habari ya ukucha nikamsikia marehemu akizungumza.

Mashine ya ukucha imejificha chini ya ngozi, nyuma kidogo ya pale ukucha unapochomoza. Ugonjwa ukipita, mashine husimama. Ikisimama kidogo, ukucha hutoka na mfereji uliokingama. Ikisimama zaidi, hakuna kinachofumwa kabisa, na ikianza tena inaanza ukucha mpya ambao hauna uhusiano na ule wa zamani. Mpya unausukuma wa zamani kwa nyuma, wa zamani unaachia shinani, unaning'inia, unadondoka. Wiki zile za kungoja ni safari ya kutoka mafichoni mpaka penye mwanga. Ndiyo maana mtoto hasikii maumivu: siku unayoona ukucha umeng'oka, shughuli ilikwisha zamani na mpya tayari uko chini, mwembamba.

Mifereji hiyo ilielezwa na daktari Mfaransa aitwaye Beau mwaka 1846. Lakini kuunganisha kung'oka kwa kucha na ugonjwa huu wa watoto ni habari ya juzi tu: watoto watano wa eneo la Chicago walioandikwa na madaktari wao mwaka 2000, kisha Finland na Hispania mwaka 2008 ambako kucha ziliwatoka watoto wengi kwa pamoja. Virusi vinavyoleta ugonjwa huu ni vingi, na kinachotajwa zaidi kwa kucha ni Coxsackie A6, jina la mji mdogo wa Marekani. Nayaeleza haya kwa sababu jirani yule wa nne aliponiuliza "mbona zamani hatukuyaona?" nilikuwa na jibu. Yalikuwepo. Hakuna aliyekuwa akihesabu siku.

Tazama umeachia upande gani

Ukucha ulioachia kwa sababu ya ugonjwa uliopita huanzia shinani, mtoto haumwi, nyama ya pembeni haijavimba, na mara nyingi ni zaidi ya kidole kimoja. Hilo ndilo la kushika.

Kuvu kwa kawaida huanzia kwenye ncha au pembeni na kurudi nyuma polepole. Ukucha unakuwa mnene, wa manjano, unamomonyoka kama mkate mkavu. Tena kwa mtoto wa miaka miwili si kawaida. Kidole kilichobanwa na mlango ni kimoja, na kina damu nyeusi chini yake. Mdudu wa kidole huuma, ni mwekundu, una moto, una usaha, na mtoto hatakuruhusu ukiguse.

Funza mpe muda wako, hasa kama mnaishi penye vumbi na sakafu ya udongo. Yeye hupenda miguu: pembezoni mwa kucha, kati ya vidole, kisiginoni. Utaona kivimbe cheupe chenye nukta nyeusi katikati, mtoto anajikuna, anatembea kwa kukwepa. Mikono ikiwa imebanduka na miguu ni safi, funza hana kesi. Usichokonoe mtoto kwa pini kutafuta kitu ambacho hakipo. Nimeona ikifanyika, na kidole kilichokuwa kizima kikaingia uchafu.

Unachofanya kwa mikono yako

Kidogo sana, na hicho ndicho kigumu. Ukucha unaoning'inia unawasha mikono ya watu wazima; kila mgeni anataka kuuvuta. Usivute, na usimruhusu shangazi avute. Ule wa zamani, maadamu umeshika, ni kifuniko cha mpya. Ukate tu kile kipande kilichoinuka ambacho kitanasa kwenye blanketi au sweta. Mkate ukucha huo akiwa amelala, baada ya kuoga kucha zikiwa laini, kwa kikatio cha kucha au mkasi mdogo ulioosha kwa sabuni. Wembe, ambao ndio tuliozoea wengi wetu, uache safari hii. Ukucha uliolegea hauongozi wembe, unateleza, na ukimkata itabaki kuwa kidonda mahali ambapo hapakuwa na kidonda. Na wembe mmoja kwa watoto wanane ni jambo ambalo nililiacha zamani hata kabla ya kucha hizi.

Ukishadondoka, utaona chini nyama ya waridi yenye ngozi laini, au ukucha mpya tayari umefika robo. Osha kwa maji na sabuni kama kawaida, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo. Hakuna cha zaidi. Mafuta ya taa hapana, spiriti hapana, majani ya kusaga hapana, rangi ya kucha ya kuficha hapana, na gundi, ambayo mama mmoja aliniuliza kwa nia njema kabisa, hapana. Plasta siipendi kwa watoto wadogo kwa sababu huitoa kwa meno na inaweza kuwasakama kooni. Kama kidole kinagongwagongwa, soksi safi mkononi wakati wa kulala inatosha. Kwa miguu, mvalishe viatu vyenye nafasi mbele, na udongoni asiende peku mpaka kucha zifunike.

Kalsiamu pia hapana, kwa maana ya vidonge. Mtoto anayekula mukene wa unga kwenye uji wake ana kalsiamu kuliko mimi.

Kucha zilizodondoka unaweza kuzitupa. Mimi ile ya kwanza niliifukia chini ya mgomba, jirani wa nne akiwa anaangalia. Haikunigharimu kitu, na tangu siku hiyo hakuninong'oneza tena.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda kama kidole kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto, au kinatoa usaha. Nenda kama kucha zinabanduka na hakuna ugonjwa wowote unaoukumbuka, au mtoto anatumia dawa za muda mrefu kwa ugonjwa mwingine. Nenda kama zimeng'oka, zikaota, zikang'oka tena, au kama miezi mitatu imepita na chini hapaoti kitu. Mtoto aliyekuwa na homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu na midomo iliyopasuka, kisha ngozi ya vidole ikachubuka, huyo daktari amtazame moyo wake. Kuna ugonjwa mwingine, usio wa kawaida, wenye sura inayofanana na hii.

Na kama bado yumo ndani ya ugonjwa wenyewe, habari ya kucha iweke kando kabisa. Mtoto asiyekojoa kwa saa nane, anayetapika kila anachomeza, anayeshtuka-shtuka akiwa usingizini, anayelegea, anayepumua kwa haraka au kupata degedege, hasubiri asubuhi. Tafuta boda usiku huohuo.

Ukienda, chukua daftari au andika tarehe kwenye karatasi: siku homa ilipoanza, siku ukucha wa kwanza ulipoachia, vidole vingapi. Piga picha za simu kwenye mwanga wa jua, si kwa taa ya ndani. Karatasi ile ya tarehe mbili ndiyo iliyoniokolea shilingi nyingine.

Je, arudi kwa wenzake?

Mama yake aliniuliza kama amfiche nyumbani. Ukucha wenyewe haumwambukizi mtu, na mtoto wa kucha zinazobanduka anaruhusiwa kucheza, kula na kulala na wenzake. Ila jua kwamba kirusi huweza kubaki kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, wakati mwingine miezi. Kwa hiyo kinachohitaji kubadilika ni wewe unayeshika nepi. Sabuni na maji, kila nepi, kabla hujagusa kikombe cha mwingine. Ile dawa ya kupaka ya spiriti tuliyoizoea wakati wa korona haina nguvu nzuri kwa virusi vya aina hii. Mimi nimefunga dumu lenye bomba karibu na choo, sabuni imetundikwa kwenye soksi ya wavu ili isiibiwe na watoto, na midoli naiosha kwa maji ya klorini kila Ijumaa, kisha naisuuza na kuianika juani.

Kati ya wale wanane, watano waliumwa Februari ile. Watatu walitoka kucha. Mmoja aliumwa kidogo sana, homa ya usiku mmoja, na ndiye aliyepoteza sita. Aliyeugua zaidi ya wote hakupoteza hata moja. Kwa hiyo usijaribu kupima ukali wa ugonjwa kwa kucha. Mvulana wa fundi baiskeli alitoka za miguu tu, na kwa kuwa hushinda na viatu vya plastiki hakuna aliyejua mpaka Juni.

Nami niliambukizwa. Siku mbili za koo na kipele kimoja kiganjani, nikadhani nimeungua na sufuria. Aprili mfereji ukachomoza kwenye gumba langu la kushoto. Nikaazima rula ya mtoto wa shule: mwanzo wa Mei ulikuwa milimita 3 kutoka kwenye ngozi, mwanzo wa Juni 6. Ndio mwendo wa kucha za mikono, karibu milimita 3 kwa mwezi. Za miguu huenda nusu ya hapo au pungufu. Fanya hesabu hiyo kabla hujakata tamaa na kidole cha mtoto.

Binti wa muuza mukene kucha za mikono zilijaa kufikia Julai, mbili za kwanza zikiwa na mikunjo kidogo, ikaisha yenyewe. Miguuni alipoteza tatu, mwezi wa nne. Gumba la mguu wa kulia ndilo lililokawia. Lilifika ncha Desemba, na aliponiona nimeshika kikatio akauficha mguu chini ya beseni.